Namna ya kumhoji mzee kuhusu kijiji kilichochomwa

Ukishaamkia, usikimbilie moto. Mimi huanza na shamba: "Bibi, hapa palikuwa panalimwa nini kabla ya Maji Maji?" Katika vita hivyo vya kuupinga utawala wao, kati ya 1905 na 1907, Wajerumani walichoma nyumba pamoja na vihenge vya nafaka, ndiyo maana simulizi nyingi nilizozisikia zinakaa kwenye njaa kuliko risasi. Kisha nendeni mahameni, pale kijiji kilipokuwa. Mafiga yaliyofukiwa nusu huamsha jina la ukoo upesi kuliko daftari lako. Andika nani alimsimulia nani, maana walioshuhudia wameshatangulia wote. Wasimulizi wakipingana, andika yote, usiwasuluhishe. Simu inayorekodi iwe mbele yao (kuificha ni utovu wa adabu). Wimbo ukizuka, rekodi wote, maswali baadaye.