Vijuala visivyo na mkono: kuendesha duka Lamu bila kuvunja sheria

Hapa Langoni, mtaa wetu wa mji wa Lamu, kila mtu anajua kwamba juala, yaani mfuko wa plastiki, la kubebea lilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Lakini chungulia chini ya kaunta za maduka kadhaa, utakuta vile vijuala vyeupe vya kupimia sukari robo na manjano ya shilingi kumi. Muulize mwenye duka, atakwambia havina mkono, kwa hiyo havihesabiwi. Vinahesabiwa, na hapo ndipo wenzangu wengi wanapotegeka.

Hatua ya 1: Jua kilichokatazwa

Tangazo namba 2356 la mwaka 2017 katika gazeti rasmi la serikali lilitaja mifuko ya aina mbili: yenye mikono, na ile bapa isiyo na mikono. Yote haifai kufungia bidhaa, iwe dukani au nyumbani. Faini ni shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Linganisha na faida ya robo ya sukari.

Kilichoachwa ni plastiki ambayo kiwanda chenyewe kimefungia bidhaa. Pakiti ya mchele iliyotoka kiwandani uza bila wasiwasi. Ukiifungua ukaigawa kwenye vijuala, hapo wewe si kiwanda tena.

Hatua ya 2: Safisha stoo

Usibakize hata bunda moja la vijuala. Mimi nilibakiza la "dharura" nyuma ya magunia, na kijana wangu wa dukani akaona ni dharura kila duka likijaa. Ukiyatoa usiyatupe kichochoroni. Punda wetu hula chochote wakizurura usiku, na plastiki ikimziba punda tumbo humuua kwa maumivu.

Hatua ya 3: Panga bidhaa kwa tabia yake

Hapa chukua muda, maana mfuko mmoja haufai kila kitu.

Vitu vikavu kama maharagwe, pojo na mchele vinakaa vizuri kwenye mfuko wa kaki. Sukari na chumvi ni kesi nyingine. Mwaka wa kwanza nilifunga sukari mapema, robo robo, nikaipanga rafuni. Ilikuwa masika. Baada ya siku chache ikawa mawe, na kaki imelowa chini. Siku hizi sukari inakaa kwenye ndoo yenye kifuniko, naipima mteja akishasimama mbele yangu.

Bizari, iliki na mdalasini ziweke kwenye chupa za kioo, umpimie mteja kwa kijiko kwenye kikaratasi kilichokunjwa kama pembe, walivyofanya wazee wetu. Mafuta na samli, mteja aje na chupa au kopo lake. Wape punguzo dogo wanaokuja na vyombo na wataanza kukumbuka.

Samaki hawana shida, utungo wa miyaa, yale majani ya kusukia, ulikuwepo kabla ya plastiki. Waliokatwa vipande wanataka bakuli au pakacha.

Mama zetu wanaouza barafu za ukwaju na ubuyu ndio walioachiwa mzigo mzito, kwa sababu kile kifuko cha barafu nacho ni mfuko bapa. Jirani yangu alihamia kwenye vikombe vigumu: mtoto anakula pale pale mlangoni, anarudisha kikombe. Anauza barafu chache kuliko zamani, sikufichi.

Hatua ya 4: Mifuko ya kitambaa, kwa tahadhari

Ile laini inayofanana na kitambaa ni plastiki pia, na mwaka 2019 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitangaza kuizuia kwa sababu ya ubora wake duni. Ukitaka mfuko wa kushona, nunua wa pamba au gunia la katani, na utunze risiti ya aliyekuuzia.

Hatua ya 5: Kama unauza ufukweni

Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja hazikubaliki kwenye hifadhi za taifa na fukwe zilizolindwa: chupa za maji, mirija, vikombe, vijiko. Anayepeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari ya Kiunga kwa boti achukue mtungi wa maji na bilauri.

Hatua ya 6: Azimisha vikapu

Mteja aliyepita tu njiani hana kikapu, na kumuuzia mfuko kila siku kunamuudhi. Nilinunua vikapu kumi na viwili vya ukili kwa wasukaji wenyewe. Mteja anaacha amana inayolingana na bei ya kikapu, akikirudisha anachukua pesa zake. Jamaa na majirani nawaandika kwenye daftari bila amana, na hilo ndilo kosa langu. Vitatu havijarudi tangu Maulidi. Kimoja nakijua kilipo: kimetundikwa jikoni kwa shangazi yangu, kimejaa vitunguu, nami sithubutu kukidai.