Kabla hujafunga turbo kwenye injini isiyo nayo

Ndugu zangu wa Malindi mnaotaka kufunga turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini, kabla hujanunua chochote mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, pesa hiyo ipeleke kwenye ringi za pistoni kwanza.

Injini nyingi zisizo na turbo zina uwiano wa mgandamizo wa 10:1 hivi, yaani hewa hubanwa hadi sehemu moja ya kumi ya nafasi yake. Ukizisukumia hewa nyingi, petroli hulipuka ovyo, unasikia kama kokoto ndani ya kopo, na pistoni hutoboka. Kwa hiyo anza na presha ndogo, psi 5 au 6, na kompyuta ya injini ipangwe upya pamoja na injekta za kutosha. Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, usiiache, hasa kwa joto letu la kaskazi.

Lakini kinachosahauliwa zaidi ni mpira wa kurudisha oili kutoka kwenye turbo. Uwe mpana, uteremke tu hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, uingie juu ya usawa wa oili. Wangu ulikunjwa karibu na fremu. Gari likatoa moshi wa buluu, nikanunua turbo nyingine, moshi ukabaki vilevile. Tulipounyoosha ule mpira, moshi ukakoma siku hiyohiyo.