Kabla ya Kuweka Ryzen PRO Kwenye Ubao wa AM4

Usichomoe prosesa ya zamani kwanza. Ukishanunua prosesa ya AMD Ryzen 5 PRO 4650G kwa mtu anayeuza vipuri vya kompyuta za ofisi, na nyumbani una ubao mama wa B450 wenye soketi ya AM4 usio na tatizo, hamu ni kufungua kasha na kubadilisha usiku huohuo. Ndivyo nilivyofanya mimi. Feni zilizunguka, skrini ikabaki nyeusi, nikamaliza siku tatu nikishuku RAM, pawasaplai, hata kebo ya HDMI. Vyote vilikuwa vizima. Ubao wenyewe ndio uliokuwa haujafundishwa kuitambua prosesa ile.

Soketi ya AM4 imekuwepo tangu 2016 na imepokea vizazi vingi vya prosesa, kwa hiyo pini kuingia vizuri hakukuhakikishii lolote. Ndani ya BIOS, yaani programu ya ubao inayoanza kufanya kazi kabla ya Windows, kuna msimbo wa AMD uitwao AGESA, ambao kazi yake ni kuamsha prosesa na kumbukumbu kabla ya picha yoyote kutokea. AGESA isipokuwa na habari za familia ya prosesa yako, safari inaishia hapo, wala hutapata menyu ya kurekebishia. Prosesa ya zamani ndiyo mlango wako wa kuingilia; ukishaiuza kabla ya kusasisha BIOS, umeuza ufunguo.

Anza na jina kamili la ubao. Usiridhike na jina la kwenye boksi, maana boksi huwa si lake. Tazama maandishi kwenye ubao wenyewe, pamoja na namba ya toleo iliyochapwa pembeni, kwa mfano REV 1.0. Gigabyte B450M DS3H na B450M DS3H V2 ni bodi mbili tofauti zenye BIOS mbili tofauti. Kisha nenda kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika katika tovuti ya mtengenezaji, utafute 4650G kwa jina na pia kwa ile namba ndefu inayoanza na 100- iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chuma. Prosesa hii ilitoka Julai 2020 ikilenga zaidi kampuni zinazounda kompyuta kamili, ndiyo maana si rahisi kuikuta dukani ndani ya boksi lake. Kando ya jina utaona toleo la BIOS linalohitajika. Liandike, halafu ulilinganishe na lile unaloliona sasa kwenye kompyuta yako. Soma pia maelezo ya kila toleo, kwa sababu mengine hayapandi moja kwa moja: lazima upitie toleo la katikati.

Jambo linaloniuma zaidi ni kufuli, kwa sababu wanunuzi wengi hawalijui hadi pesa imeshaondoka. Prosesa za Ryzen PRO, Threadripper PRO na EPYC zina ulinzi uitwao Platform Secure Boot. Mtengenezaji wa kompyuta akiuwasha, fyuzi ndogo ndani ya prosesa huunguzwa, na kuanzia hapo prosesa inakubali fimwea (programu ya ndani ya ubao, kama BIOS) iliyotiwa saini na mtengenezaji huyo tu. Haifunguki tena. Hili limeonekana kwenye baadhi ya kompyuta za Lenovo zenye Ryzen PRO. Ukiiweka prosesa iliyofungwa hivyo kwenye ubao wa kampuni nyingine, dalili zinafanana kabisa na zile za BIOS iliyopitwa na wakati, na unaweza kusasisha mara kumi bila kupata chochote. Kwa hiyo muulize muuzaji prosesa ilitolewa kwenye mashine gani, na umwombe aiwashe mbele yako kwenye ubao wa kampuni tofauti. Akikataa, mimi ningeondoka.

Kusasisha kuna gharama zake. Bodi nyingi za zamani za AM4 zina chipu ya BIOS ya MB 16 tu, kwa hiyo ili kupata nafasi ya prosesa mpya, watengenezaji wengine waliondoa za zamani kabisa. Soma kama prosesa uliyonayo sasa bado itatambulika baadaye, na kama kurudi nyuma kunaruhusiwa. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, yaani ulinzi unaofunga diski kwa msimbo, hifadhi namba ya kuifungulia nje ya kompyuta hiyo. Kusasisha BIOS au kubadilisha prosesa kunaweza kufuta funguo za TPM, sehemu ya usalama inayotunza funguo hizo, nawe ukabaki nje ya mafaili yako mwenyewe. Na umeme: bila UPS, usithubutu. Kukatika katikati ya uandishi kunaweza kuua ubao.

Ikiwa prosesa ya zamani haipo tena, angalia nyuma ya ubao kama kuna kitufe cha kuandika BIOS bila prosesa. Flashi iwe FAT32, ichomekwe kwenye tundu lililowekewa alama, na faili libadilishwe jina kama inavyotakiwa: MSI.ROM kwa MSI, GIGABYTE.bin kwa Gigabyte. Kitufe kisipokuwepo, azima prosesa ya zamani kwa fundi. Kifaa cha CH341A, kinachoandika chipu ya BIOS moja kwa moja kutoka kompyuta nyingine, kinasaidia pia, lakini bodi nyingi za AM4 zina chipu za volti 1.8, nacho hutoa 3.3, hivyo pasipo adapta unaweza kuiunguza chipu.

Hakikisha pia picha inatoka wapi. 4650G ina grafiki ndani yake. Ryzen 5 5500 haina, ingawa inatokana na familia yenye grafiki, na HDMI ya ubao itakaa kimya hata BIOS ikiwa sahihi.

Siku ya kubadilisha, tumia kompyuta dakika kadhaa ili pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto ilainike, kisha izime na uzungushe kipoza joto (hitsinki) taratibu kabla ya kuinyanyua. Ukivuta kwa nguvu, prosesa hung'oka nayo na pini zikapinda. Ukiwasha mara ya kwanza, mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu ikipima RAM. Iache ifanye hivyo kwa dakika tano nzima kabla hujagusa kitufe.