Begi la miguuni: kusafiri na mtoto mchanga kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi

Mama na baba, mwezi wa saba shule zikifungwa, wengi wetu tutakwenda kusalimia wazee Kolwezi. Mwaka jana nilipanda basi na binti yangu wa miezi saba. Nilikuwa nimefunga kila kitu, ila vyote viliingia tumboni mwa basi. Mji wa Likasi, ulio njiani, hatujauona bado, mtoto akaharisha, na pampasi zimelaliwa na magunia ya watu. Nilimfunga kitenge changu hadi tukasimama. Tangu siku ile, kila kitu nakiuliza kwanza: gari likiwa linakwenda, mkono wangu utakifikia?

Hatua ya 1. Tenga mafungu mawili usiku wa kuamkia safari. La kwanza ni la kufikia, la pili ndilo la tumboni mwa basi. Njia ni kilomita kama 300, Likasi ikiwa kwenye 120 hivi, lakini usihesabu kilomita. Hesabu malori ya shaba. Foleni ikikaza, safari ya asubuhi inakula mchana wote.

Hatua ya 2. Begi la miguuni. Mimi naweka pampasi moja kwa kila saa mbili, halafu naongeza tatu. Kila pampasi naitia kwenye sashe yake (mfuko wa plastiki) pamoja na nguo kamili ya kubadilisha na kitambaa kidogo. Mtoto akichafuka, natoa sashe moja tu, sipekui. Uchafu unarudi kwenye sashe ileile, nafunga fundo. Vitenge viwe viwili: kimoja cha kumbeba, kingine cha kumlaza na kumbadilisha. Na blauzi yako ya akiba usiisahau, maana atakayetapikiwa ni wewe.

Hatua ya 3. Chakula. Anayenyonya, vaa nguo inayofunguka mbele, basi. Wa maziwa ya kopo: pima unga nyumbani, uweke kwenye vyombo vikavu, kila kimoja mlo mmoja. Maji yaliyochemka beba kwenye termosi, changanya saa ya kula, yaache yapoe, ujaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Akishaanza kunywa, yanayobaki baada ya saa moja yamwage, hata kama kopo ni ghali. Aliyeanza kula, ndizi mbivu inatosha.

Hatua ya 4. Dawa na kadi ya chanjo. Beba dawa ya maji ya homa aliyoandikiwa na muganga, kipimajoto, na pakiti mbili za ORS, ile chumvi ya kumpa mtoto anayeharisha. Pakiti ya kawaida inataka lita moja kamili ya maji safi, kwa hiyo beba chupa ya lita. Kadi itie kwenye plastiki: uzito wa mtoto umo humo, na dozi hufuata uzito. Mtoto chini ya miezi mitatu akifika digrii 38, usingoje Kolwezi. Teremka mji wa karibu, utafute hospitali.

Hatua ya 5. Nguo na chandarua. Mwezi wa saba usiku ni baridi kweli: kofia, soksi, blanketi. Chandarua chenye dawa kiende hata kama bibi anacho.

Maswali

*Mama wa Katuba:* Yaya, dada yetu, wangu ana miezi minne. Jua likiwaka nimpe maji kidogo?

Hapana, mama. Kabla ya miezi sita maziwa yanamtosha, yana maji ndani. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe.

*Mama wa Kampemba:* Vumbi je? Mimi humfunika uso kwa kitenge.

Usimfunike uso, pumzi yake ni ndogo. Funga dirisha la upande wako, umgeuzie kifuani, umpanguse pua kwa kitambaa chenye maji. Kama una nafasi ya kuchagua, kaa katikati ya basi.

*Baba wa Kenya (ya hapa Lubumbashi):* Sisi tuna gari letu. Mama akae mbele na mtoto mapajani?

Baba, nakuomba, hapana. Gari likigonga, hakuna mkono unaoweza kumshika. Tafuteni kiti cha mtoto, kifungwe nyuma, yeye akiangalia nyuma. Cha mtumba kiulizie kwanza kama kimewahi kuwa kwenye ajali, na mikanda yake uivute kwa nguvu kabla hujalipa. Mama akae naye huko nyuma, begi likiwa miguuni.