Kupiga picha kazi ya kioo: angaza nyuma, si mbele

Ukitaka kupiga picha chombo au sanamu ya kioo, zima flashi kwanza. Kioo huupitisha mwanga unaotoka mbele, na uso wake huakisi kila kilichomo chumbani, wewe na kamera yako mkiwemo. Kwa hiyo usiangaze kioo chenyewe, angaza kilicho nyuma yake.

Kwa kioo cha rangi mimi hupenda mandhari meupe. Tundika shuka jeupe jepesi, weka taa nyuma yake, kisha weka kioo mbele ya shuka, umbali wa kama mita moja. Rangi itawaka kutoka ndani. Tatizo ni kingo, maana hupotelea kwenye weupe. Simamisha vipande viwili vya kadibodi nyeusi kushoto na kulia, karibu kabisa na kioo lakini nje ya fremu. Kioo kitaupinda weusi ule na kuuchora kwenye kingo zake kama mstari wa wino. Hapo ndipo umbo linapojitokeza, na ndiyo hatua ambayo wengi huiruka.

Kioo kisicho na rangi, hasa chenye nakshi za kuchongwa, hupendeza zaidi kwenye weusi. Acha shuka na taa vilevile, ila weka kadibodi nyeusi katikati mbele ya shuka, ijaze fremu tu. Mwanga utapita pembeni mwake na kingo zitang'aa.

Kabla ya yote, futa alama za vidole kwa kitambaa laini. Mwanga wa nyuma huonyesha hata chembe ya vumbi.