Ukiokota mikanda ya zamani ya sinema, usiipitishe kwenye projekta kwanza

Jamani naomba mnisikilize kwa hili. Siku hizi mtu akikuta makopo ya filamu stoo kwa babu yake, cha kwanza anatafuta projekta aone kuna nini. Mimi nilikuwa opereta wa projekta Dar enzi sinema za Avalon na Empire bado zinajaa Jumapili kwa picha za Kihindi, nikaja kuanza kukusanya mikanda ya 16mm (huo ndo upana wa mkanda), na kopi niliyoipenda kuliko zote niliichana mwenyewe kwa haraka hiyohiyo, mpaka leo inaniuma.

Anza na pua. Fungulia kopo penye hewa, ukisikia harufu ya siki ujue mkanda umeanza kuoza, utenge na mingine maana ule mvuke unaambukiza. Kama ni 35mm angalia pembeni pameandikwaje, ukikuta NITRATE, yaani mkanda wa aina ya zamani unaoshika moto upesi, funga weka mbali na moto na joto, tafuta wataalamu, hiyo ikiwaka hata maji hayaizimi.

Halafu vaa glovu za pamba, zungusha kwa mkono taratiibu huku vidole vinapapasa kingo, utasikia tundu la pembeni lililochanika au kiungo kilichoachia. Selotepu ya dukani hapana!! joto likipanda gundi inavuja na kunasa mzunguko wa juu yake, tumia tepu ya kuungia filamu.

Sasa hapa ndo niliponasa mimi: mkanda unasinyaa. Kwa 16mm hesabu matundu 100, urefu wake unatakiwa uwe kama sentimita 76, ukipungua milimita 7 au 8 usiupitishe kwenye projekta kabisa, meno ya projekta yanayouvuta mkanda hayatalingana na matundu, utasikia tu krrr na ndo basi tena.

Mkanda ukiwa mzima, safisha geti, pale mkanda unapopita mbele ya taa, kwa mswaki laini na kijiti cha mti, chuma kinakwaruza. Acha lupu, yaani kitanzi cha mkanda uliolegea, ya kutosha juu na chini ya geti, kwa sababu pale mkanda unasimama na kuruka mara 24 kwa sekunde wakati meno ya juu na chini yanauvuta bila kusimama, ukibana lupu unakatika.

Rangi ikigeuka nyekundu usitupe, kopi nyingi za zamani ziko hivyo na picha bado imo. Kuhifadhi, laza makopo yasisimame, chumba kikavu chenye ubaridi, sio darini chini ya bati, na usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki maana unyevu wa huku pwani unabaki humohumo na ukungu unaanza.