Jinsi ya kutengeneza trebusheti ndogo ya mbao inayorusha mpira wa tenisi

Trebusheti ni mtambo wa kurusha unaotumia mzigo unaoanguka. Hauna mpira wa kuvutika wala kamba iliyosokotwa. Upande mfupi wa mkono hubeba sanduku zito, upande mrefu hubeba kombeo. Sanduku likishuka, mkono huinuka, kombeo huzunguka na kuachia. Mitambo ya aina hii ilivunja kuta za ngome katika Zama za Kati, na ule uliojengwa mwaka 2005 katika kasri la Warwick, Uingereza, ulikuwa na kimo cha mita 18. Huu wetu mkono wake ukisimama wima unafika kama mita moja na nusu.

Wengi wanaojenga mtambo huu huhangaikia uzito. Mpira ukianguka karibu, wanaongeza mchanga. Ukianguka karibu tena, wanaongeza tena, mpaka mkono unapasuka. Umbali unapatikana kwenye kombeo na kwenye kile kidole cha chuma kinachoachia kamba. Kwa hiyo jenga fremu kwa uangalifu, kisha bakiza subira kwa ajili ya kombeo.

Vipimo vinavyotawala

Mkono hugawanywa kwa ekseli, yaani nondo ambayo mkono huzungukia, kwa uwiano wa 1 kwa 4 hivi. Hapa upande mfupi ni sentimita 20 na mrefu ni 80. Mzigo uwe mara 100 hivi ya uzito wa kinachorushwa. Mpira wa tenisi una gramu kama 57, kwa hiyo tunahitaji karibu kilo 6. Kombeo liwe fupi kidogo kuliko upande mrefu wa mkono: anza na sentimita 70. Ekseli iwe sentimita 65 kutoka ardhini, ili mkono ukivutwa chini ulale kwa pembe ya kama digrii 45.

Vifaa

– Mbao za inchi 2 kwa 2 (sentimita 5 kwa 5), mita 8: reli mbili za sm 100, mataruma (mbao za kulala chini ya reli) mawili ya sm 38 na moja la sm 80, nguzo mbili za sm 59, mbao nne za mshazari za sm 45 na mbili za sm 42.
– Ubao wa mkono, sm 103, upana sm 4, unene sm 2. Chagua mbao ngumu ambayo nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka mwisho hadi mwisho, isiyo na kifundo hata kimoja.
– Plaiwudi ya milimita 12 ya sanduku, na ya milimita 9 ya ubao wa kutelezea (sm 80 kwa 12).
– Nondo laini ya milimita 12, sm 42, kwa ekseli. Nyingine ya milimita 10, sm 24, ya kuning'iniza sanduku. Usitumie nondo ya mikunjo ya ujenzi: inasaga tundu na kula nishati.
– Vipande vya bomba la plastiki, washa (pete bapa za chuma), skrubu za sm 4 na sm 7, gundi ya mbao, kamba nyembamba ya nailoni isiyovutika, kitambaa kigumu kama cha jinzi, msumari wa sm 8, skrubu zenye pete kichwani.

Fremu

Laza mataruma matatu chini: fupi mbele, refu katikati, fupi nyuma. Juu yake weka reli mbili zikiwa na nafasi ya sm 28 kati yao. Taruma refu likae sm 35 kutoka mwisho wa mbele, na la nyuma likae sm 50 nyuma yake. Taruma refu litokeze sawasawa kila upande, kama sm 21. Pima kutoka kona hadi kona kwa mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana, fremu iko mraba. Hapo ndipo upake gundi na kukaza skrubu.

Kabla ya kusimamisha nguzo, zibane pamoja kwa klempu na utoboe tundu la ekseli kwenye zote mbili kwa mara moja, sm 4 kutoka juu. Ukizitoboa mojamoja, ekseli itakaa upande na mtambo utarusha pembeni kila mara, na hakuna marekebisho ya kombeo yatakayoondoa hitilafu hiyo. Simamisha kila nguzo juu ya reli, usawa wa taruma refu, ukaze kwa skrubu za sm 7 kupitia chini ya reli. Kila nguzo ipate mbao mbili za mshazari kwenye reli, mbele na nyuma, na moja kwa nje inayotoka kwenye ncha ya taruma refu. Ile ya nje usiiache. Mkono unapozunguka kwa kasi, fremu hutikisika kwenda kushoto na kulia, na kila mtikisiko ni nguvu ambayo mpira hautaipata.

Usiweke kiungo chochote kati ya nguzo mbili kwa juu wala katikati. Hapo ndipo mkono na sanduku vinapopita.

Ubao wa kutelezea ulale juu ya mataruma, katikati ya reli. Upige msasa mpaka uwe laini kabisa.

Mkono na sanduku

Toboa mkono sm 3 kutoka mwisho mfupi kwa ajili ya nondo ya sanduku, na sm 23 kutoka mwisho huo huo kwa ajili ya ekseli. Matundu yawe katikati ya upana, milimita nusu tu zaidi ya nondo. Bandika vipande vyembamba vya plaiwudi pande zote mbili za kila tundu kabla ya kutoboa, kwa sababu mbao hupasukia hapo. Kisha punguza upana wa upande mrefu kwa randa, pole pole, kutoka sm 4 kwenye ekseli hadi sm 2 kwenye ncha. Kazi hii ina faida kuliko inavyoonekana: ncha ndiyo inayokwenda kasi kuliko sehemu nyingine zote za mkono, na kila gramu iliyo huko inanyang'anya mpira nishati.

Sanduku liwe na nafasi ya ndani ya sm 15 kwa 13, kina sm 18. Hiyo ni lita 3.5, na mchanga mkavu una kama kilo 1.6 kwa lita, hivyo unapata kilo 5.6, ukijumlisha sanduku lenyewe, zinapita 6. Kile kipimo cha sm 13 ndicho kitoke mbele kwenda nyuma. Liningʼinize kwa vipande viwili vya mbao vilivyofungwa ubavuni, ukingo wa juu wa sanduku ukiwa sm 13 chini ya nondo. Ukifupisha umbali huo, sanduku litagonga mkono pale mtambo unapokuwa umetegwa. Kuna wanaofunga mzigo moja kwa moja kwenye mkono ili kuokoa muda. Inarusha, lakini mzigo unaoningʼinia hushuka karibu na wima na kutoa nishati zaidi, na fremu hairuki sana. Weka kifuniko cha skrubu, mchanga usimwagike.

Pitisha ekseli ukiweka kipande cha bomba kila upande wa mkono ili ubaki katikati, na washa kwenye kila mgusano. Fanya vivyo hivyo kwenye nondo ya sanduku. Ziba ncha za nondo kwa pini au waya mnene zisichomoke. Paka nta au mafuta kidogo. Sukuma mkono kwa kidole: ukisimama kwa kukwaruza, tafuta unakogusa kabla ya kuendelea.

Kombeo na kidole

Kata kichwa cha msumari wa sm 8. Toboa kwanza tundu jembamba kwenye ncha ya mkono, kisha uingize msumari ufuate urefu wa mkono, ubaki sm 3 nje. Ulainishe kwa tupa na msasa mwembamba mpaka ukucha usikwame popote. Ukunje kidogo kuelekea upande wa kurushia, kama digrii 20. Hicho ndicho kidole.

Kata kitambaa cha sm 18 kwa 10, ukunje ncha zake fupi na kuzishona ili kipatikane kijifuko. Funga kamba moja kila ncha. Kamba ya kwanza ifungwe daima kwenye skrubu ya pete karibu na ncha ya mkono; ya pili ifungwe washa ndogo inayovishwa kwenye kidole. Kamba zote mbili zikivutwa, katikati ya mfuko iwe sm 70 kutoka kwenye ncha. Kamba zikitofautiana hata sentimita moja, mpira hutoka kwenye mfuko kabla ya wakati.

Kifyatuo

Kaza skrubu mbili za pete kwenye taruma la nyuma, kila moja upande wake wa ubao wa kutelezea. Kamba fupi ifungwe kwenye pete ya kushoto, ipite juu ya mkono kwenye mfuo mdogo utakaouchonga hapo, na kitanzi chake kifike pete ya kulia. Msumari laini upite ndani ya kitanzi na pete. Funga msumari huo kamba ya mita 4. Ukivuta, kitanzi huachia na mkono hupaa.

Kurusha

Unahitaji uwanja wazi wa mita 80 mbele, na pia nyuma, kwa sababu kombeo likiachia mapema mno mpira hurudi ulikotoka. Watu wote wasimame ubavuni, mbali na njia ya mkono, wewe ukiwa mwisho wa kamba. Kilo 6 kuanguka sm 35 hutosha kuvunja vidole, basi mkono unapotegwa ufunge pia kamba ya usalama kwenye reli, na uiondoe ya mwisho kabisa. Pigilia fremu ardhini kwa vigingi.

Laza mfuko kwenye ubao chini ya sanduku, mpira ndani, kamba zimenyooka bila kujisokota, washa kwenye kidole. Usirushe kamwe bila mpira: nishati yote huishia kwenye mkono na fremu.

Kinachotokea hewani ndicho kinachokuambia la kurekebisha. Mpira ukienda juu sana au nyuma, umeachiwa mapema: kunja kidole zaidi kuelekea mbele. Ukigonga ardhi mbele ya mtambo, umechelewa: kinyooshe. Kunja kidogo sana kila mara, digrii 5 tu, kisha rusha mara tatu kabla ya kuamua. Mpira ukigoma kutoka kabisa, washa inakwama, rudia msasa. Ukienda pembeni, angalia kama mkono uko katikati ya ekseli na kama kamba zimejisokota.

Piga video ya mwendo wa polepole kwa simu, kutoka ubavuni. Mpira unapoachiwa, mkono unatakiwa uwe karibu wima na sanduku likiwa chini kabisa, karibu limetulia. Sanduku likiwa bado linashuka kwa kasi wakati huo, nishati imebaki humo. Badilisha urefu wa kombeo kwa sm 5, kisha urekebishe kidole upya, maana viwili hivi haviendi peke yake.

Nadharia, bila hewa wala msuguano, inatoa kikomo cha umbali: mara mbili ya uwiano wa mzigo na mpira, mara kimo cha kuanguka. Hapa ni 2 × 110 × 0.35, yaani mita 77. Theluthi moja ya hapo ni matokeo mazuri kwa mpira mwepesi wenye manyoya. Ukishafika hapo na mpira unaangukia eneo moja kila mara, ndipo uongeze mzigo, nusu kilo kwa wakati, ukikagua matundu ya mkono kwa nyufa kila baada ya mirusho michache.